Kibetri cha Mashine ya Kaka

Jumatatu, 4 Machi

Wifi kaja asubuhi na mashine ya ngoma ya marehemu kaka, ile ya umeme ya kutungia midundo, kaifunga kwenye shuka. Kaiweka mezani kwangu taratibu, halafu akabaki ameishika. Haiwaki, anasema. Tangu mazishi haikuguswa. Juzi binti yao kaichomeka, ikanuka kuungua, basi.

Kuungua si shida. Shida ni kilichomo. Wiki aliyozaliwa huyo binti, kaka alimtungia mdundo akauhifadhi humo. Hakuwahi kuurekodi. Nitarekodi, nitarekodi, ndiyo ilikuwa kauli yake — miaka kumi na tisa! Na mashine za zamani namna hii zina kibetri kimoja tu kwenye bodi kinachoshika kumbukumbu. Kikifa, vyote vinafutika.

Nimekipima. Volti 2.4. Ikishuka chini ya 2, kwaheri. Wifi sikumwambia. Nimesema nitaangalia.

Jumanne, 5 Machi

2.3.

Transfoma ya mashine, ndiyo iliyonuka, imekufa kabisa. Muuza vipuri kasema Ijumaa, labda. Hiyo labda yake naijua.

Mchana wifi kapiga simu, sauti imechangamka. Kakumbuka: kaka aliwahi kumwambia nakala ya midundo yote ipo kwenye kaseti, na kaseti kampa dada yake fundi aitunze. Yaani mimi! Nikaitikia eeh, nitaitafuta. Ni kweli, mashine hizi hujinakili kwenye kaseti. Ukiisikiliza husikii ngoma, ni mlio tu, kama nyigu ndani ya kopo.

Mlio. Niliwahi kusikia kaseti ya hivyo.

Jumatano, 6 Machi

Nimeipata. Wala haikupotea, ipo kwenye droo, naishika kila siku. Ni kaseti yangu ya majaribio.

Kaka alinipa bila maelezo, ndivyo alivyokuwa. Nilikuwa bado najifunza kazi. Nikaisikiliza, nikasema hii imeharibika, itanifaa kupimia kama redio za wateja zinarekodi. Na nimepimia miaka kumi na moja! Leo nimeicheza pande zote mbili. Ni mimi mwanzo mwisho: moja, mbili, tatu, majaribio.

Mjinga mkubwa mimi. Fundi mzima. Mteja angeniletea habari kama hii ningemcheka.

Alhamisi, 7 Machi

2.1. Siwezi kungoja.

Nikaamua kuunga betri mpya ubavuni mwa ile ya zamani, ili kumbukumbu isikose umeme hata kidogo. Kazi ya dakika mbili, nimeifanya mara nyingi mno.  Leo waya ukateleza, ukagusa pasipotakiwa. Cheche! Ndogo tu. Mshale wa mita ukalala kwenye sifuri, ukainuka tena.

Sasa unasoma 3, umetulia. Lakini ulilala. Nusu sekunde? Pungufu ya hapo? Sijui kama mdundo bado umo au nalinda boksi tupu, na sitajua mpaka mashine iwake.

Ijumaa, 8 Machi

Transfoma imekuja, ajabu! Nimeifunga, nimepima mara mbili, iko sawa. Kilichobaki ni kubonyeza swichi.

Sikubonyeza. Nimempigia wifi nikamwaga yote: kibetri, cheche, kaseti. Kisha akasema wanakuja.

Sasa wapo hapa, yeye na binti, kwenye benchi la wateja. Wifi kaiomba kaseti, kaitia kwenye redio mwenyewe. Tukasikiliza sauti yangu ikihesabu. Binti alitabasamu kidogo. Mama yake hapana. Nimemwomba msamaha. Aibu imenijaa mpaka masikioni.

Nikanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usiwashe," wifi kasema. "Ikikaa kimya nitakuchukia, na mimi wifi mwingine sina."

Basi tumekaa. Robo saa nzima. Naandika ili mikono ipate kazi. Kibetri kinasoma 3, mshale hautikisiki, na hautwambii lolote.

Binti kasimama. Kasema kwa upole, "Shangazi, niachie mimi."

Nimesogeza kiti, kidole chake kipo kwenye swichi. Wifi hajamkataza. Amekuja upande wangu wa meza, kanishika mkono, huu huu wa kuandikia, anaubana na kalamu inaniponyo—