Daftari la Nasima

Mji Mkongwe, Jumatano

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Mgongo wako je, na huo mwani, jua linaukausha au mvua inakuharibia? Sisi huku kwa shangazi Amne wazima wa mwili, ila roho yangu haijatulia.

Ulituleta mjini mimi na mdogo wangu Nasima tusome Kiingereza, tupate kazi ya mapokezi hotelini. Basi mama, Waingereza wana vitenzi vyenye mikia! "Look" ni kutazama; ukikipachika "after" kinakuwa kulea, ukikipachika "up to" kinakuwa kumstahi mtu. Nimekariri mpaka kichwa kinaniuma, wapi! Nasima anavitafuna kama halua. Mwalimu Mudrik kila siku Nasima, Nasima, mtazameni Nasima. Na mimi ndiye niliyemfundisha kushika kalamu! Kijicho kimenishika, mama, sikufichi. Nikimsikia anajibu, natamani apaliwe.

Mwalimu alitwambia kila kitenzi tukitungie sentensi ya maisha yetu wenyewe. Nasima akajaza daftari zima, halimtoki mkononi. Ikatokea kazi kwenye hoteli moja ya Shangani, nafasi moja tu. Juzi, siku moja kabla ya usaili, daftari likapotea. Alipekua nyumba nzima, akalia mpaka macho yakavimba, na jana mbele ya wenye hoteli sauti ikamkauka. Nafasi nimepata mimi.

Shangazi keshakupigia simu, najua umepiga vigelegele. Virudishe, mama. Daftari nililichukua mimi, nikalitia ndani ya foronya ya mto wangu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nisingestahimili kukusikia umenyamaza.

Leo asubuhi nililifungua nione kwa nini yeye aweze, mimi nishindwe. Mama, sentensi zote ni mimi. Kaandika: "Dada Thuwaiba alinilea mama alipokuwa pwani." "Dada Thuwaiba ndiye ninayemstahi." Na penye kitenzi cha kukata tamaa kaandika kwamba dada yake hakijui.

Sasa hivi yuko jikoni, ananipikia mkate wa kumimina wa kunipongeza. Nikimaliza barua hii nampelekea daftari lake, kisha nakwenda hotelini kuwaambia waliyemchagua siye. Asiponisamehe, nipokee huko nyumbani Makunduchi, nikusaidie mwani.

Nisalimie baba na kaka Jaku. Niombee dua, mama, mkate unakaribia kuiva.

Mwanao mwenye kijicho,
Thuwaiba