Aliyemnyoosha Mama Mguu

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi tunaendelea, ila Mama hainuki tena kitandani bila kushikwa, na macho yangu yananisumbua. Miaka yote hii ya kutarizi imenilipa hivyo. Wewe je, kifua kimepoa?

Fundi kompyuta wa mtaani kwetu ameniletea gazeti. Nilifurahi kuona mchezo wetu wa kompyuta umetolewa upya baada ya miaka thelathini: yule mama wa ndoo anayetoka kushoto kwenda kulia, akiruka mitaro na kuta. Nikasoma mpaka pale uliposema, "Niliutengeneza peke yangu." Haya. Programu uliandika wewe, sibishi. Lakini picha nilichora mimi, kisanduku kwa kisanduku, kwenye daftari za hesabu, kama ninavyopanga mshono. Na ulipoulizwa kwa nini yule mama anachechemea, ukajibu eti ni kosa la programu, ukalizoea ukaliacha. Kosa! Siku tatu nilikaa ukumbini nikimwangalia Mama akipita, nipate ule mguu wake wa kushoto. Nawe ulikuwa ubavuni kwangu, unacheka: "Dada, umempata!"

Naomba neno moja tu gazetini. Useme ukweli.

Dada yako

20 Aprili

Dada mpenzi,

Shikamoo. Pole kwa macho, na Mama mpe shikamoo yake. Kifua kimepoa, ila kazi zimenizidi.

Usinikasirikie. Waandishi wa habari wanapenda hadithi ya mtu mmoja. Ningeanza mambo ya daftari na mishono, wangeniacha njiani. Neno lilinitoka tu. Kuna toleo lingine la mchezo linakuja, nimewaambia waweke jina lako. Nitarekebisha kila kitu. Na mwezi wa nane nakuja kumwona Mama, mwambie.

Mdogo wako

9 Oktoba

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mwezi wa nane tulikutandikia kitanda. Mwezi wa tisa tukakitandua.

Fundi alikuja na hilo toleo kwenye kompyuta yake, tukamwekea Mama mapajani. Nimejitafuta, nikajiona mwisho kabisa: "Shukrani kwa familia." Kumbe siku hizi naitwa familia. Hilo ningelimeza. Lakini yule mama wa ndoo umemnyoosha mguu! Anatembea wima, kama mtu yeyote. Fundi aliona aibu, akajifanya anatafuta waya. Mama alitazama weee, kisha akaniuliza, "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Mimi sijawahi kutembea hivi. Nani amenirekebisha?"

Nikasema sijui. Mwandikie umjibu mwenyewe.

Dada yako

17 Januari

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali. Nilikupigia mara nne, simu ikaita mpaka ikakata.

Mama tumemzika Jumanne. Wiki zake za mwisho kila asubuhi aliniuliza kama umeandika. Siku moja nikachoka kusema hapana. Nikachukua cheti cha dawa, nikakaa kando yake, nikajifanya nakisoma: kwamba umekiri, kwamba unaomba radhi, kwamba ulilia ulipouona ule mguu umenyooka. Nilikutungia maneno mazuri, mdogo wangu, mazuri kuliko uliyowahi kuniandikia. Akasikiliza macho kafumba. Akasema, "Mjibu. Mwambie nimemsamehe."

Basi nimekufikishia.

Mimi bado.

Dada yako