Tambuu Tatu Hadi Kivukoni

Mdogo wangu Út, hujambo? Bata wametaga. Mkwe wangu Thắm ananilisha vizuri, ila hataki nitoke, eti nitaanguka tena.

Sasa sikia. Akienda sokoni na kurudi, mimi nimetafuna tambuu tatu. Kivukoni yeye hufika kwa tambuu moja. Lakini akipiga hatua tatu mimi napiga moja, basi nitafika kwa tatu. Jana nikatoroka nivuke nije kwako.

Kumbe goti limezidi kuuma! Sasa yeye nne, mimi moja. Tambuu ya tatu ikaisha kivuko nakiona tu, Thắm akarudi, akanifuata mbio, akanidaka.

“Mama, unakwenda kuolewa?”

Leo ameweka kufuli. Wewe bado una miguu, Út. Njoo unitoe, nisifie humu.

Dadako, Mận