Kisu Kisichokata Mkate

Eldoret

Baba,

Leo sitakuuliza kama umelala salama. Nina neno nataka unijibu, na kwa kuwa hutajibu, nitauliza na kujijibu mwenyewe, kama ulivyonilea.

Juzi tulifungua sanduku lako la mabati kutafuta karatasi za hisa za shamba la Kiplombe. Zilikuwemo. Chini yake, ndani ya blanketi kuukuu, kulikuwa na kisu. Nilikitambua kabla sijamaliza kukifunua, ingawa sikuwahi kukiona. Kwenye mpini, askari wa kale mwenye vazi la chuma amepiga magoti, mbwa miguuni pake, na bibi mrembo amesimama kwenye kidirisha chembamba kama cha kanisa. Hadithi zako zote za utotoni zimo kwenye mpini ule! Ulituambia ni kisu cha Madam, yule Mzungu wa kule Kaptagat, ulikokuwa boi wa nyumba. Kwamba kilitengenezwa Ufaransa enzi za babu wa babu yake, wakati matajiri wa huko walipowaota mashujaa waliokwisha kufa zamani. "Hicho hakijakata hata mkate," ulisema. "Kazi yake ni kupendeza." Hukusema kilikwenda wapi.

Nimepitisha kidole makalini; kweli ni butu. Lakini fedha isiposuguliwa huwa nyeusi, Baba, na hii inang'aa. Inanukia jivu na limau. Ulikuwa ukikisugua saa ngapi, sisi tukiwa wapi?

Sasa kila jambo lako nalitilia shaka. Yale magunia ya mahindi uliyopeleka Munyaka kila mavuno, kwa Mama Naliaka aliyekuwa akimfulia Madam nguo. Mama alisema ni hawara wako. Nami niliamini, ndiyo maana siku ya mazishi yako nilimkazia macho alipokuja kunishika mkono. Akaniambia, "Mimi nilifukuzwa juu ya kisu sikuchukua. Wote walisema ni mimi. Ni baba yako peke yake aliniamini."

Sikuelewa. Nilimshukuru, hata.

Nimejaribu kukutetea. Labda baada ya uhuru, Madam alipouza shamba arudi kwao, alikikuta nyuma ya kabati akakupa zawadi. Lakini zawadi haifichwi miaka kumi na miwili. Ungeiweka juu ya redio, tukachoka kusikia habari zake. Wala si shida iliyokusukuma: hata tulipolala njaa ili hisa zikamilike, hukukiuza. Ulikipenda tu. Hilo ndilo linaniumiza, kwa sababu nami nimekishika tangu asubuhi na sitaki kukiweka chini.

Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Wewe ulipewa nyingi zaidi, na siku yoyote ungeweza kwenda Munyaka ukasema neno moja. Ukapeleka mahindi.

Mama nimemwambia hukuwa na hawara. Alifurahi mpaka akalia, na bado sijamwambia nimejuaje.

Jumapili, tukitoka kanisani, nitakifunga kisu katika blanketi lile lile, nikakiweke mapajani mwa Mama Naliaka na kutaja jina lako. Nakuahidi hivyo, Baba, na bado nakupenda. Kwaheri. Akiniuliza kama kweli ulimwamini, nitamjibu kwamba hapakuwa na mtu mwingine aliyejua, kwa hakika kama yako, kuwa yeye hakuiba.

Binti yako,
Wanjiru