Njia ya Mkato Imefungwa

Ghorofa ya pili, nyuma ya karakana
Jumapili, baada ya mvua

Kaka yangu mpendwa,

U hali gani huko uliko? Wifi na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila sauti ndiyo kwanza inarudi. Habari za mama nitakupa mwishoni, vumilia.

Kazini, kwenye kituo cha kusimamia barabara za mji, bado natazama magari kwenye skrini. Unaikumbuka ile barabara fupi iliyokatwa kuunganisha barabara kuu mbili? Siku ya kuifungua tulipiga makofi. Basi kila dereva akaona ndiyo njia yake, wote wakajazana pale, foleni ikawa ndefu kuliko zamani. Majuzi lori la saruji lilipinduka katikati yake, ikafungwa. Tukashika vichwa. Kumbe! Magari yakajigawa, foleni ikayeyuka mji mzima. Bosi alidhani skrini zimeharibika.

Nilicheka, kisha nikajiona mimi katika barabara ile.

Humu ndani kila neno linapita kwangu. Mama na shangazi wamenuniana tangu ule ugomvi wa pazia. Wanakaa meza moja, lakini shangazi husema, "Chiriku, mwambie mama yako chumvi imezidi." Mama naye, "Mwambie akapike yeye." Na wewe ukitaka kujua mama kaamkaje, waniuliza mimi. Mara mbili nimepewa uhamisho nikaongoze kituo cha mji mwingine, mara mbili nimekataa, nikijiuliza nani atapeleka maneno. Nimebanwa, kaka, hata pumzi sipati.

Sasa sikia. Juzijuzi koo lilinivimba, sauti ikapotea kabisa. Mwanzoni walikula kimya kama wageni. Asubuhi moja shangazi akashindwa, akamgeukia mama: "Hivi na chai yako haina sukari?" Mama akamjibu. Mpaka leo hawajanyamaza. Hata la pazia wamelifufua, wakagombana upya, ila uso kwa uso.

Uhamisho umekuja tena, na safari hii nimetia saini. Naondoka mwisho wa mwezi. Naogopa, lakini jana nilijikuta naimba nikikunja nguo.

Nisalimie wifi, wanao wote, na yule jirani yako fundi saa. Mungu awaweke salama popote mpitapo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Chiriku

Habari za mama: simu yake iko kwenye chaji, naye kakaa kando yake. Mpigie mwenyewe.