Mashavu ya Deo

Mjukuu wangu Anjela,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Kibosho mvua haijakatika wiki nzima. Mama yako anakusalimu. Miguu yangu ndiyo hainisaidii tena.

Unasema wenzako wanakucheka kwa kutaka kusomea lishe, eti ni kazi ya kuwafundisha watu kula. Ulipokuwa mdogo ulisikia majirani wakiniita Mama Deo, ukauliza Deo ni nani, nikakunyamazisha. Alikuwa mwanangu wa kwanza.

Nilipomwachisha ziwa nilimpa ndizi za kuponda tu, asubuhi na jioni. Kuku tulikuwa nao, lakini mayai yalikuwa ya kupeleka sokoni. Mashavu yake yakajaa. Watu wakitoka kanisani walimbeba wakisema, "Huyu anakula vizuri!" Nami nikajivuna.

Siku moja nikampeleka zahanati kwa ajili ya kikohozi. Muuguzi akambonyeza mguu kwa kidole, na shimo likabaki. Hakunifokea. Aliniuliza taratibu, "Mama, jana alikula nini?" Nikamtajia. Akasema, "Hajanenepa, mama. Amevimba."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali lile. Nasi tulikuwa tumeshachelewa. Amelala kule mgombani, kando ya kaburi la babu yako.

Kasome, mjukuu wangu. Mimi mpaka leo, mtu akisifia mashavu ya mtoto, naitikia tu, huku macho yangu yakitafuta miguu.

Ni mimi bibi yako,
Mama Deo