Kukhu, Askari Wako Walichoka

Kukhu, nyanya yangu,

Mahindi uliyoyaacha shambani Kamukuywa tumeyavuna. Kitanda chako sasa kimejaa magunia, usikasirike. Kikombe chako cha bluu nimekuja nacho huku Kitale kwa Mama, kwa sababu Shangazi alitaka kukitupa. Bado anaamini ulikuwa na TB, ati kwa vile ulikohoa miaka mingi.

Unakumbuka siku ile hospitalini? Daktari alisema makohozi yako hayana TB, lakini damu yako imejaa kingamwili, wale askari ambao mwili huwaunda ili wapigane na vijidudu. Alisema kwa Kiingereza, nami nikakutafsiria Kibukusu kwa sauti ndogo, nikiangalia viatu vyangu. Ukanipiga kiwiko. "Paza sauti! Mwenye kifua kibovu ni mimi, si wewe."

Daktari alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

Halafu ukaenda kuwatangazia akina mama wa kanisa kwamba unalindwa kuliko benki! Jioni ukasukuma dawa kando. "Na askari wote hawa, dawa ni ya nini?" Ikabidi nikueleze: wamekuwa wengi kwa sababu adui hajatoka. Amejificha ndani ya makohozi, hawamfikii vizuri, na vita vyenyewe vinaumiza mapafu.

"Basi wamechoka kama mimi," ukasema, ukameza dawa.

Nilikupenda sana jioni ile. Sikusema.

Kukhu, sasa Mama anakohoa. Alianza hata kabla hatujakuzika. Anasema ni vumbi la kupukuchua mahindi, na mtu akiingia anaficha leso. Anaogopa kutengewa kikombe kama ulivyotengewa wewe. Nimemaliza shule, niko naye kutwa, nasikia kila kitu, na maneno yananikwama.

Jana nilitia chai kwenye kikombe chako. Nikanywa kwanza, nikampa. Aliniangalia, akanywa.

"Jumatatu twende hospitali," nikamwambia.

"Umesema?"

Alikuwa amesikia, namjua. Nikarudia, kwa sauti iliyowafukuza kuku mlangoni. Mama akacheka, akakohoa, akacheka tena. Akakubali.

Pumzika, Kukhu. Pumzika na askari wako. Jumatatu nitakaa karibu na Mama mbele ya daktari, nami nakuahidi sitaangalia viatu.

Mjukuu wako, yule wa sauti ndogo.